Ua Lililoruka Ua

Chuma kishada kimoja cha lantana. Hakiko mbali: kiko kwenye kona ya ukuta, kando ya mtaro, nyuma ya kibanda cha makaa. Hapa Ayany, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, sijawahi kutembea kutoka lango moja hadi stendi ya matatu nisikutane nacho. Angalia mkono wako, maana shina lina miiba midogo iliyopinda kuelekea chini, nayo hunasa shati wakati wa kuutoa mkono, si wakati wa kuuingiza. Sasa kiweke kiganjani ukitazame.

Ulichokishika si ua moja. Ni maua ishirini, thelathini, pengine arobaini, yamebanana juu ya kikonyo kimoja hata yakaonekana kama kofia ndogo iliyodariziwa. Kila ua ni neli nyembamba yenye urefu wa sentimita moja hivi, iliyopinda kidogo, na mdomoni inafunguka kwa petali nne zisizolingana sawasawa. Ndani ya neli, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ulipasue ua, zimejificha stameni nne, jozi moja juu na jozi moja chini. Rangi nazo zimekaa kwa mviringo: waridi pembeni, manjano kwa ndani, na katikati kabisa vitumba ambavyo bado havijafunguka.

Wengi wetu tukiulizwa tutasema lantana ina maua ya rangi mbili. Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi. Lakini ukweli ni kwamba ina ua la rangi moja, na ua hilo linazeeka. Kila moja hufunguka likiwa la manjano. Siku hiyo ya kwanza ndiyo siku yake ya neema, kwa kuwa lina mbochi na chavua mbichi. Kesho yake linageuka, likipitia rangi ya chungwa mpaka kuwa waridi, jekundu au zambarau, kutegemea aina yake. Na kwa sababu yanayotangulia kufunguka ni yale ya ukingoni, yakifuatwa na ya ndani, kishada kizima ni kalenda: wazee wamekaa nje, vijana wamekaa kati, na ambao hawajazaliwa wako katikati yao.

Kwa nini mmea uendelee kubeba maua ambayo hayana tena cha kutoa? Swali hili lilimshughulisha Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia Blumenau, kusini mwa Brazili, ambako lantana iko kwao. Müller aliandikiana barua na Charles Darwin kwa miaka, na mwaka 1877 maelezo yake kuhusu ua hili yakatokea katika jarida la Nature. Alikuwa amewaangalia vipepeo. Aliona ua ni la manjano siku ya kwanza, la chungwa siku ya pili, la zambarau siku ya tatu. Vipepeo wengine walitua kwenye manjano peke yake, wengine kwenye manjano na chungwa. Kwenye zambarau hakutua hata mmoja. Hoja aliyoitoa ingali inasimama: lau maua yangeanguka mara tu yanapokwisha kazi, kishada kingekuwa kidogo na kipepeo asingekiona kwa mbali, na lau yangebaki bila kugeuka rangi, kipepeo angepoteza muda wake akichokora neli tupu. Kwa hiyo ua kuukuu linaita, na ua jipya linakaribisha. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1991, mtafiti wa Marekani Martha Weiss alionyesha katika jarida hilohilo kwamba wadudu huitambua tofauti hii ya rangi na kuifuata katika mimea mingi, wala si lantana peke yake. Kipepeo hujifunza, kama mteja anavyojua ni kibanda kipi sokoni chenye mboga za leo.

Nimelianza jambo hili kwenye ua kwa makusudi. Vitabu vingi vinavyoitaja lantana huanza na madhara yake, na madhara yapo, tutayafikia. Lakini mtu akiuona kwanza kama adui hatauangalia, na asipouangalia hataelewa ulivyopata nguvu ya kuenea.

Jina lake la kitaalamu ni Lantana camara, alilopewa na Carl Linnaeus mwaka 1753. Asili yake ni Amerika ya joto, kuanzia Meksiko na visiwa vya Karibi hadi kusini. Waholanzi waliupeleka Ulaya katika karne ya 17, na huko ukawa kipenzi cha wenye nyumba za vioo. Katika karne ya 19 wakulima wa maua waliuzalisha kwa kuchanganya aina hii na ile, wakitafuta waridi iliyokoza zaidi, manjano yenye kung'aa zaidi, kichaka kinachochanua bila kupumzika. Wakapata mamia ya aina. Kromosomu zake zina ushahidi wa mchanganyiko huo: msingi ni 11, lakini utakuta mimea yenye 22, 33, 44, 55 hata 66, na yenye 44 ndiyo imeenea zaidi duniani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouita mmea wa porini. Lantana tunayoiona Kibera haina pori ilikotoka. Hakuna msitu wa Amerika ambako utakuta mmea huu hasa ukiota peke yake tangu zamani. Ni kazi ya mikono ya watu, kama ng'ombe wa gredi alivyo kazi ya watu. Ulitengenezwa uani, ukasafirishwa kama pambo, ukapandwa kwa heshima mbele ya nyumba: bustani ya mimea ya Calcutta mwanzoni mwa karne ya 19, Hawaii mwaka 1858, na katika Afrika Mashariki bustani za wakoloni. Kisha ukatoka nje.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa sana hapa, nacho ni kulowea. Mtu aliyelowea ni mgeni aliyekaa mahali mpaka pakawa kwake; hapangi tena safari ya kurudi. Nchini Kenya neno mlowezi lina uchungu wake wa kihistoria, na siwezi kulitumia bila kuukumbuka. Hata hivyo kwa elimu ya mimea ndilo neno linalofaa. Mmea uliolowea ni ule ulioletwa na watu, ukaacha kuwahitaji watu, ukazaa na kuenea kwa nguvu zake wenyewe.

Ayany ni mahali pazuri pa kuona hatua hiyo ikitokea. Mtaa huu ulijengwa na Shirika la Nyumba la Taifa ukiwa na nyumba za chini, kila moja na kipande chake cha uwanja. Penye uwanja hupandwa ua. Waliopanda walichagua kaiyaba, au bogenvilia, au lantana, na waliochagua lantana walikuwa na sababu nzuri. Haihitaji kununuliwa: unakata tawi kwa jirani, unalichomeka ardhini wakati wa mvua, linashika. Haihitaji kumwagiliwa likishashika. Mbuzi hawaipendi, kwa kuwa jani lake ni gumu kama msasa na ukilifikicha linatoa harufu kali inayobaki vidoleni. Lina meno pembeni kama msumeno, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Shina changa ukilipapasa utahisi lina pembe nne. Miiba imepangwa juu ya pembe hizo. Mtoto au kuku hapiti. Na juu ya yote, inachanua karibu mwaka mzima.

Sasa zisome sifa hizo tena, lakini kwa jicho la mmea unaotaka kutoka. Kushika kwa urahisi, kuvumilia kiangazi, kutoliwa, kuchoma, kuchanua kila mwezi: kila kitu ambacho mwenye nyumba alikitafuta kwa ajili ya ua wake ndicho kilichoupa mmea uwezo wa kuishi bila yeye. Kilichobaki ni usafiri, na huo ulikuwa umekaa juu ya waya wa stima.

Ua likishachavushwa linaacha tunda dogo la mviringo, la kijani mwanzoni, kisha zambarau iliyokoza hadi nyeusi inayong'aa, lenye upana wa milimita tano au sita. Kichaka kimoja kikubwa kinaweza kutoa hadi matunda 12,000 kwa mwaka. Nyama yake ni kidogo na tamu. Ndani kuna kokwa moja ngumu yenye mbegu moja au mbili. Shore hulipenda. Kuzumburu, wale ndege wenye mikia mirefu wanaotambaa vichakani kama panya, hulimaliza kundi zima kwa asubuhi moja. Ndege anakula, anaruka, anatua kwenye waya au juu ya ukuta wa jirani, anaacha kinyesi, na kokwa iliyosafishwa nyama inaanguka mahali papya. Kusafishwa huko si jambo dogo: kokwa iliyopita tumboni mwa ndege huota vizuri kuliko iliyodondoka na nyama yake. Ndiyo maana ukitaka kujua lantana ya Ayany ilikotokea, usiangalie chini, angalia juu. Chini ya waya kuna mstari wake. Chini ya mgrevilia kuna kichaka chake. Kando ya reli inayokata Kibera, na kwenye kingo za Msitu wa Ngong Road, mahali popote ndege anapopumzika na jua linapofika, ipo.

Jirani yangu mmoja, mama ambaye kwao ni Siaya, haiiti lantana kamwe. Anaiita nyabende. Siku moja alinikuta nimeinama kwenye ua wake nikihesabu maua, akacheka.

"Sisi tulikuwa tunakula hiyo tukienda shule," akaniambia. "Ulimi unakuwa mweusi, mwalimu anajua tu ulipitia wapi."

"Hamkuumwa, mama?"

"Tulikuwa tunajua. Ile imeiva kabisa ndiyo ya kula. Ile ya kijani unaacha. Hiyo ni sumu."

Alichokijua akiwa mtoto kinaungwa mkono na madaktari kwa sehemu: tunda bichi limewahi kuhusishwa na watoto kupewa sumu, na kwa hiyo mzazi wa Ayany mwenye mtoto anayejifunza kutembea afadhali amzuie kabisa kuliko kumfundisha kuchagua.

Jina nyabende lina historia nyingine huko kwao, nayo ni nzito. Mwaka 1964 ugonjwa wa malale ulizuka Alego, katika Nyanza ya Kati ya wakati ule, Siaya ya leo. Mbung'o anayeueneza, wa aina ya Glossina fuscipes, alijulikana kuwa mdudu wa kingo za mito na ziwa. Mtu aliumwa akienda kuteka maji au kuvua. Safari hii watu waliumwa nyumbani kwao. Uchunguzi ulimkuta mbung'o amehamia kwenye nyua na vichaka vya lantana vilivyozunguka boma, ambamo kuna kivuli, unyevu na damu ya ng'ombe karibu. Mmea uliopandwa kuilinda nyumba ulikuwa umemwekea mdudu makao mlangoni. Hata hivyo utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nyumba zilizopandiwa lantana ziliingiwa na mbu wa malaria wachache kuliko zisizokuwa nayo. Jani lilelile, harufu ileile. Mbu inamkimbiza, mbung'o ilimpa kivuli. Ninayaweka haya mawili pamoja kwa sababu nimechoka kusikia mmea ukiitwa mzuri au mbaya kana kwamba ni mtu anayekwenda kuhukumiwa.

Sumu yenyewe iko hasa kwenye majani. Kemikali zake kuu huitwa lantadini, na kinachoumia ni ini. Ng'ombe aliyekula kiasi cha kutosha ini lake hushindwa kutoa nje masalio ya rangi ya kijani ya majani anayokula kila siku. Masalio hayo yakifika kwenye ngozi, jua linayageuza kuwa moto: ngozi isiyo na rangi, hasa puani na kwenye mabaka meupe, huvimba, hupasuka na kubanduka. Macho huwa ya manjano, mnyama huacha kula na kutafuta kivuli. Kwa kawaida ng'ombe aliyezaliwa penye lantana huikwepa. Anayekufa ni mgeni mwenye njaa. Katika ukame wa mwaka 2009, na tena mwaka 2017, wafugaji waliswaga mifugo yao hadi ndani ya Nairobi wakifuata nyasi za kando ya barabara. Kila nilipowaona ng'ombe wale, mbavu nje, wakivuka lami, nilitazama kilichobaki kijani pembezoni, na mara nyingi kilikuwa hicho. Kwa mfugaji aliyetoka nyanda kavu, kichaka kile chenye maua hakina onyo lolote juu yake.

Hivyo neno letu dogo, ua, linatimia. Ua la kuchanua lilipandwa kuwa ua wa nyumba, nalo huua.

Si kwamba jamii ya lantana ni ngeni kabisa hapa. Afrika ina lantana zake. Mojawapo ni Lantana ukambensis, ambayo jina lake linabeba Ukambani. Ndugu hawa wenyeji hawana miiba wala hawajengi kuta. Hukaa kwa utulivu kati ya nyasi na miti mingine, na anayepita haoni sababu ya kusimama. Hakuna aliyewachagua, hakuna aliyewachanganya. Kuna pia ile lantana ya zambarau inayotambaa, ambayo wauza miche huipanda ikaning'inia kwenye kingo za kuta. Hiyo ni Lantana montevidensis ya Amerika Kusini, iliyopewa jina la Montevideo, nayo haina fujo ya binamu yake.

Binadamu alipogundua alichokiachilia, alijaribu kukirudisha kwa kutumia wadudu. Jaribio la kwanza lilikuwa Hawaii mwaka 1902, baada ya Albert Koebele kwenda Meksiko kutafuta wadudu wanaoishi juu ya mmea huu. Mmoja wa waliotoka katika juhudi hizo ni Teleonemia scrupulosa, kidudu chenye mabawa kama leso ya kufuma, kinachofyonza majani mpaka yanapauka. Kililetwa Kenya mwaka 1953 na kufikishwa Uganda baadaye. Huko, katika miaka ya 1960, kilionekana kikila mashamba ya simsim, zao la chakula la watu wa Teso na majirani zao. Balaa hilo halikudumu, lakini liliwafundisha wataalamu kumpima mdudu juu ya mimea ya chakula kabla ya kumfungulia mlango. Na lantana? Ilipoteza majani, ikangoja, ikatoa mengine. Mchanganyiko wa damu zake unaisaidia hata hapo: mdudu anayependa aina ya waridi huenda asiiguse ya chungwa. Mwaka 2000 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliutaja kati ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani.

Watu wa kusini mwa India wamechukua njia nyingine. Katika vilima vya Male Mahadeshwara jamii za msituni hukata shina lake, hulichemsha na kulikunja kuwa viti na meza badala ya henzirani, na mwaka 2021 makundi ya tembo wa ukubwa wa kweli, waliosukwa kwa vijiti vya lantana, walisimamishwa katika bustani za London. Hapa Kibera kazi yake ni kuni, na majani yake wengine huyatandaza juu ya viazi vya mbegu ili nondo asitage.

Neno Kibra, ambalo Wanubi waliipa ardhi hii mwanzoni mwa karne ya 20 walipokaa hapa kama askari na jamaa za askari, lina maana ya msitu. Msitu ule umekwenda. Miti yake mingi ya asili sasa utaitafuta ng'ambo ya pili, ndani ya Msitu wa Ngong Road, na kwenye kingo za msitu huo kinachokuja kukulaki ni lantana. Inaota kwa wingi kati ya miche ya miti ile, inaifunika, na mizizi na majani yake huachilia kemikali ardhini zinazodumaza mbegu za wengine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko habari ya ng'ombe. Ng'ombe anaweza kuswagwa aondoke, lakini mche wa mti hauna pa kwenda.

Atakayeutoa uani kwake asiufyeke. Ukikatwa juu ya ardhi hutoa machipukizi mengi kuliko matawi uliyoyakata, na ukichomwa huchipuka kutoka kwenye kisiki. Subiri mvua ilainishe udongo, chimba ukizunguke, ng'oa kisiki pamoja na mizizi, kisha upande kitu kingine papo hapo, kabla ndege hajarudi. Wala usitupe matawi kando ya mtaro yakiwa na matunda.

Mimi niliufyeka. Ilikuwa mwezi wa nane, nilikuwa na panga na haraka, na nilitaka nafasi ya kamba ya kuanikia nguo. Wiki tatu hazikuisha kabla kisiki hakijavaa majani mapya, laini, yenye harufu ileile. Mvua za vuli zilipoanza kilikuwa kimefika kiunoni. Asubuhi moja nikaenda kuanika nikakuta kishada cha kwanza kimefunguka: vitumba katikati, na pembeni duara moja tu la maua, yote manjano.